Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandaa Mbio za Ufukweni Bagamoyo

Anayekusudia kuandaa mbio ufukweni Bagamoyo aanze na maji ya kunywa, kwa kuwa taka nyingi za siku hiyo hutokana nayo. Weka mapipa yenye bomba na vikombe vya kuoshwa, waombe wakimbiaji waje na chupa zao, na usipokee katoni za chupa ndogo hata kama mfadhili anazitoa bure. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo zawadi zisifungwe humo. Mabango yasiandikwe mwaka, ili yatumike tena. Maputo yasirushwe kabisa. Vyoo vya muda vikae mbali na maji na visima.

Kisha tazama ratiba ya maji kujaa na kupwa, na usiitazame kwa ajili ya wakimbiaji peke yao, kama tulivyofanya sisi. Tulichagua siku ya mwezi mpevu kwa sababu wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya pwani hii hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, yakaacha mchanga mpana na mgumu. Mbio zilikwenda vizuri. Vijana waliokota taka zote, ambazo nyingi zilikuwa vikombe vyepesi vya plastiki, wakajaza viroba zaidi ya thelathini na kuvirundika chini ya mnazi kusubiri gari. Saa kumi jioni maji yalijaa yakakomea hatua chache kutoka kwenye rundo, nasi tukaamini kwamba hayatapanda zaidi. Dereva alipopiga simu kusema atakuja asubuhi, hakuna aliyekumbuka kwamba maji yangejaa tena alfajiri, wala kwamba bamvua kubwa kabisa aghalabu huja siku moja au mbili baada ya mwezi kukamilika. Usiku kusi ilivuma. Asubuhi tulikuta viroba vitatu.

Vile vingine vilikuwa vimepasukia kwenye mikoko ya upande wa kaskazini. Mizizi ya kupumulia ya mchu, ambao ni aina ya mkoko, huchomoza topeni wima, mingi na myembamba kama penseli, na kila nafasi kati yake ilikuwa imenasa plastiki. Tulichomoa kikombe kimoja kimoja, tope likitufika magotini. Katika kimoja alikuwamo kaa mdogo aliyeshindwa kutoka. Kazi hiyo ilituchukua siku nne na hatukuimaliza. Humo ndimo hukulia kamba ambao wavuvi wa Bagamoyo huwategemea, na wavuvi hao walikuwa na haki ya kutukasirikia.

Kwa hiyo andika saa za maji kujaa kwa siku ya mbio na siku mbili zinazofuata. Waulize wavuvi bamvua hufika wapi, maana wanapajua. Gari lilipwe nusu kabla na nusu likishapakia, taka ziondoke kabla ya maji ya jioni, na ujue mapema zinakwenda kumwagwa wapi. Jenereta ikae juu ya sinia la bati ili mafuta yasiingie mchangani. Tenga watu wa kurudi siku ya pili. Lolote utakalolishusha ufukweni, iwe kamba, kigingi au kizibo, andika idadi yake asubuhi na ulihesabu tena kabla ya kuondoka.