Umegundua bukingi ya hoteli ina makosa na safari ni wiki hii? Usikanseli kwanza, soma hapa

Jamani msimu wa watu wa Mwanza kwenda Guangzhou kule Uchina kufunga mzigo ukikaribia, maswali ya hoteli yanakuwa mengi na karibu yote yanafanana: tiketi ipo, viza ipo, pesa ya mzigo imekaa sawa, afu usiku mtu anafungua simu aangalie hoteli anakuta tarehe siyo. Au jina siyo. Au hoteli yenyewe iko upande mwingine kabisa wa mji. Kinachofuata ndo kinaniuma sana, mtu anapaniki, anabonyeza kukanseli palepale akidhani atabuku upya, na hapo ndo anapoteza pesa ambayo ingeokoka kwa meseji moja tu.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, usikanseli kitu. Ukikanseli, ada inakatwa na mfumo wenyewe bila mtu yeyote kusikiliza maelezo yako, chumba kinarudi sokoni kwa bei ya leo, na hoteli haina tena bukingi ya kukurekebishia. Lakini ukiomba kusogezewa tarehe unakuwa umeomba kitu kidogo, hoteli bado inabaki na mteja na bado inabaki na pesa, kwa nini wakatae? Wengi hawakatai kama nafasi ipo. Kwa Guangzhou hili lina uzito zaidi kwa sababu ya Canton Fair, yale maonyesho makubwa ya biashara ya pale, ile ya vuli inaanza tarehe 15 Oktoba mpaka 4 Novemba na ya masika ni 15 Aprili mpaka 5 Mei, na siku hizo vyumba vinapanda bei vibaya na vingine vinajaa. Chumba ulichobuku mapema kwa bei ya chini, hata kama tarehe zimekosewa, ni mali. Kishikilie mpaka uwe na kingine mkononi.

Sasa kaa chini, fungua ule uthibitisho waliokutumia na uusome wote, siyo bei tu. Unatafuta nani ameshika pesa yako. Kuna bukingi unalipa ukifika, hapo hakuna aliyekukata bado. Kuna ambayo hoteli yenyewe imekata kadi. Kuna ambayo pesa iko kwa tovuti uliyobukia, na kuna ambayo umempa pesa mtu wa ofisi ya tiketi pale mjini akakubukia kwa akaunti yake, hii ya mwisho hoteli haikujui wewe kabisa, inamjua yeye. Aliyeshika pesa ndiye atakayerudisha pesa, ila mwenye kusema ndiyo au hapana ni hoteli karibu mara zote, kwa hiyo utaongea na wote wawili na hoteli inatangulia.

Angalia pia mwisho wa kukanseli bure. Muda huo unahesabiwa kwa saa za kule hoteli iliko. Guangzhou wametutangulia masaa matano, kwa hiyo ikiandikwa mwisho ni 23:59, kwetu hapa ni saa 12:59 jioni, yaani wakati unafunga fremu uende nyumbani muda ndo unaisha. Dubai ni saa moja tu mbele, siyo shida sana. Na kama bado uko ndani ya huo muda wa bure basi pumua, una nguvu zote: buku kwanza chumba sahihi, kikithibitishwa ndo ukanseli kile kibaya.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni la ndege za usiku wa manane. Tiketi inasema unatua Dubai tarehe 12 saa 00:40. Mtu anaona tarehe 12, anabuku hoteli kuanzia tarehe 12. Kumbe chumba cha tarehe 12 wanaanza kukupa mchana, saa nane au saa tisa huko, na wewe saa nane ya usiku uko mapokezi na mabegi na mtoto analia. Uliyotakiwa kubuku ni usiku wa tarehe 11 kuamkia 12. Hapo hata huhitaji kubadilisha bukingi, unawaandikia unaomba usiku mmoja uongezwe mbele, au wakuuzie kuingia mapema, kuna hoteli zinachukua nusu ya bei ya usiku kwa hilo. Na hata kama ulibuku vizuri kuanzia tarehe 11 bado waambie utafika saa nane usiku, maana wasipokuona jioni wanaweza kukuhesabu hujaja, wakakata pesa na bukingi nzima ikafutwa, siyo ule usiku mmoja tu.

Ndugu yake na hilo ni mtu kubuku kwa tarehe ya kuondoka badala ya kufika. Dada mmoja ana fremu ya viatu Makoroboi, alikuwa anaondoka Dar tarehe 14 Oktoba jioni na anatua Guangzhou tarehe 15, hoteli akaiweka kuanzia 14. Angenyamaza, tarehe 14 usiku angehesabiwa hajatokea, na tarehe 15 anafika mji umejaa watu wa maonyesho hana pa kulala. Alichofanya, asubuhi kabla hajapanga viatu alikaa juu ya boksi akaandika meseji kwenye apu kwenda hotelini, akaituma, akaendelea na wateja. Saa tano jibu hilo hapo, wanaomba namba ya ndege tu. Akawatumia, wakasogeza, bei ileile.

Meseji yenyewe isiwe ndefu na usilalamike. Andika kwa sentensi fupi fupi za Kiswahili afu simu itafsiri kwa Kiingereza au Kichina, sentensi zikiwa ndefu tafsiri inavurugika. Kitu kama hiki:

"Habari. Jina langu ni hili, kama lilivyo kwenye pasipoti. Namba ya bukingi ni hii. Nimekosea tarehe. Nitafika tarehe 15 Oktoba, siyo tarehe 14. Naomba tarehe ziwe 15 Oktoba mpaka 20 Oktoba, badala ya 14 Oktoba mpaka 19 Oktoba. Chumba kilekile. Kama bei itabadilika naomba mniambie kwanza. Tafadhali msifute bukingi yangu."

Mwezi uandike kwa herufi. Ukiandika 10/4 mmoja atasoma tarehe 10 Aprili, mwingine atasoma tarehe 4 Oktoba, na wewe unatengeneza kosa la pili juu ya la kwanza.

Kuhusu kuwapata. Uchina WhatsApp imefungwa, kwa hiyo usikae unasubiri tiki mbili za bluu kutoka hoteli ya Guangzhou, tumia sehemu ya ujumbe ndani ya apu uliyobukia, au WeChat kama unayo, au piga simu ya kawaida kwa bando la kimataifa. Dubai meseji ya WhatsApp inafika ila simu ya WhatsApp mara nyingi haiunganishi, usidhani wanakukatia makusudi. Muda nao una maana, mapokezi wapo masaa 24 lakini wanaoshughulika na bukingi wana masaa ya ofisi. Saa tatu asubuhi ya Guangzhou kwetu ni saa kumi alfajiri, na wakitoka saa kumi na mbili jioni kwetu ni saa saba mchana. Kwa hiyo ukisema nikitoka kazini nitapiga, utamkuta kijana wa zamu ya usiku ambaye hata akitaka kukusaidia hana ruhusa. Piga asubuhi mapema, kabla hujapanda daladala.

Wakikubali kwa mdomo haitoshi. Omba waandike, na uombe jina la aliyekubali. Mara nyingi watakwambia sisi hatuna shida ila waambie waliokuuzia, basi unaenda kwa tovuti na kuwaambia nimeongea na fulani wa mapokezi, leo, amekubali, naomba mbadilishe. Wale wa tovuti kawaida huwasiliana na hoteli kuuliza, na wakikuta jibu liko tayari mambo yanaenda haraka. Kwenye Booking.com kuna namba ya uthibitisho na PIN, ziwe mkononi kabla ya kupiga, na mle ndani kuna sehemu ya kuomba usikatwe ada ya kukanseli, ombi linaenda kwa hoteli na hoteli ndo inaamua. Mpaka uone uthibitisho mpya wenye tarehe mpya, hesabu bado hujabadilishiwa.

Na wakikataa kabisa, kwamba hii hairudishwi wala haisogezwi? Bado usiitupe. Kama ni usiku mmoja umekosewa, uache upotee lakini waandikie kwamba utafika siku inayofuata, wakushikilie zilizobaki. Kama ni hoteli nzima huihitaji, uliza kama unaweza kubadilisha jina la mgeni, maana sisi wa Mwanza tunasafiri kwa makundi, hukosi mtu wa Kirumba au Mlango Mmoja anayeenda wiki hiyohiyo na hajabuku, mpe chumba akurudishie hela yako. Hilo la jina hoteli nyingi hazina tatizo nalo ukiwaambia kabla.

Tukiwa kwenye majina, liweke kama pasipoti. Kuna watu akaunti zao zimeandikwa Mama Fulani, au bukingi ina jina la mume kwa sababu kadi ni yake. Kurekebisha ni bure sehemu nyingi na ni meseji ya dakika mbili, ila kulirekebisha ukiwa umesimama mapokezi saa nane usiku na mtu asiyeelewa lugha yako ni shughuli nyingine.

Hoteli ikiwa mbali, hapo fikiria kwa kalamu. Guangzhou ni kubwa sana, wafanyabiashara wa Afrika wengi wanalala Xiaobei au Sanyuanli, wewe ukajikuta umebuku Nansha huko kusini kabisa kwa sababu ilikuwa bei rahisi na jina linafanana na ile uliyoambiwa, kila siku utakula masaa na nauli. Hapo kupoteza pesa kidogo na kuhama inaweza kuwa nafuu. Ila ile mpya iulize kabla kama wanapokea wageni wenye pasipoti za nje, kuna hoteli ndogo wanakwama hapo. Na usiseme potelea mbali nitalala kwa mshikaji, Uchina mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya masaa 24, hoteli wanakufanyia wenyewe lakini kwa mshikaji mnatakiwa kujiandikisha wenyewe.

Hii inayofuata naomba uisome mara mbili kama ulitumia wakala. Kuna bukingi zinatengenezwa kwa ajili ya viza tu, karatasi inatoka safi ina nembo na kila kitu, viza ikitoka wakala anaikanseli bila gharama na wewe unaendelea kutembea na karatasi ukijua una chumba. Siyo wote wanaeleza wateja wao. Kwa hiyo usimuulize wakala tu, wasiliana na hoteli yenyewe, taja namba ya bukingi, uliza ipo hai? Kama haipo, afadhali ujue ukiwa Mwanza siku tatu kabla kuliko ukiwa na begi mlangoni kwao.

Pesa ikikubaliwa kurudi inarudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Kama ulitumia ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu usiifute na usiipoteze laini, tunza meseji zote, na usiweke hesabu ya hiyo pesa kwenye mtaji wa safari maana inaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki. Na kipindi hiki unahangaika ndo matapeli wanapenda, ikija meseji inasema thibitisha kadi yako kwa linki hii la sivyo bukingi itafutwa, hata kama ina jina la hoteli na tarehe zako sahihi, usibonyeze, ingia mwenyewe kwenye apu uangalie. Namba ya kadi hutumi WhatsApp kwa mtu yeyote.

Wanaopanda basi kwenda Nairobi au Kampala, kwenu ni rahisi zaidi, hoteli nyingi unalipa ukifika, piga simu moja kwa moja waambie basi linaweza kuchelewa mpakani. Wa Kigali kumbukeni wao wako saa moja nyuma yetu.

Ukishamaliza yote, pakua uthibitisho mpya uwe kwenye simu bila kuhitaji bando, na uprinti mmoja. Ule wa zamani utoe kwenye begi kabisa, maana fomu ya kuingia Uchina inataka anwani utakayolala na mtu akiwa amechoka anaandika ya kwanza anayoiona. Afu kuna hawa ambao watu wanawasahau: anayekuja kukupokea uwanja wa ndege wa Baiyun pale Guangzhou, na wale wa viwandani uliowaambia wakuletee sampuli hotelini. Waombe mapokezi wakutumie anwani kwa herufi za Kichina pamoja na namba yao ya simu, uwasambazie wote kabla hujapanda ndege ya Dar.