Trojani imegoma kutoka? Angalia orodha ya "Exclusions" kabla hujaskani

Wiki iliyopita dada mmoja, karani wa chama cha msingi huku Mtwara, aliniletea laptopu inayovuma kama mashine ya kukoboa hata kabla hajafungua kitu. Msimu wa korosho ndio huo unakaribia, na orodha yote ya wakulima imo humo. Alikuwa ameweka Office ya kuiba kutoka kwenye flashi, maelekezo yakimwambia "zima antivirasi kwanza". Akazima! Trojani, yaani programu hasidi inayojifanya programu ya kawaida, haijisambazi yenyewe. Inasubiri uifungue kwa mkono wako, nawe unadhani ni programu ya kazi.

1. Zima Wi-Fi. Nakili nyaraka na picha tu, usiguse chochote kinachoishia na .exe.

2. Hapa nilikesha. Defender, antivirasi inayokuja na Windows, iliskani mara tatu, ikaniambia kupo shwari. Nikiwasha upya, feni ile ile. Kumbe trojani ilishaiambia Defender mahali pa kutopekua. Fungua "Windows Security", kisha "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka hadi "Exclusions". Nilikuta C:\ nzima imesamehewa! Futa kila usichokiweka mwenyewe. Kisipofutika, huenda kimewekwa kwa njia ya sera ("policy", mipangilio ya kulazimisha), kitafute kwenye rejista ("Registry", Windows inakotunza mipangilio yake):

HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender\Exclusions

Hifadhi nakala ya rejista kabla ya kugusa, maana ukifuta pasipo pake Windows inaweza isiwake. Halafu ingia "Task Scheduler", panapopangwa kazi za kujiendesha zenyewe, tafuta kazi inayoita PowerShell (programu ya Windows ya kuendesha amri) au faili la jina la ajabu ndani ya AppData, folda ambamo programu huweka data zake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiirudisha trojani kila tukiwasha. Ila usifute kwa pupa: zipo programu halali zinazokaa AppData pia, soma jina la faili kwanza.

3. Washa intaneti kidogo, sasisha Defender, kisha chagua skani ya "Offline", inayopekua kabla Windows haijawaka. Kompyuta itajizima na kuwaka, dakika 15 hivi. Betri iwe imejaa, umeme wetu mnaujua. Na tafadhali msirundike antivirasi tatu za majaribio, zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

4. Badilisha nywila ukitumia simu, ukianza na barua pepe, na utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti.

5. Ikirudi tena, piga Windows upya. Mimi sibembelezi mara ya pili.

Dada nimemwekea LibreOffice, ya bure na halali. Tangu jana ananipigia simu kuuliza menyu zimehamia wapi.