Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoka Usiku Kutafuta Buibui Mbwamwitu

Buibui mbwamwitu hatafutwi kwa kufuata utando. Walio wengi katika familia yake, inayojulikana kitaalamu kwa jina la Lycosidae na yenye spishi zaidi ya 2,400 duniani, hawategi nyavu, bali hutembea ardhini, huvizia, kisha humrukia mdudu na kumkamata kwa miguu. Jina la familia limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mbwamwitu, ingawa anayewafahamu mbwamwitu wetu wa mbugani, ambao huwinda kwa kundi, asitarajie kukuta kundi hapa, kwa kuwa buibui huyu huwinda peke yake. Anaishi karibu nasi kuliko tunavyodhani: kwenye uwanja wa mpira wa shule, kwenye malisho ya ng'ombe, pembezoni mwa shamba la mahindi, hata kwenye majani mafupi ya uani. Kwa hiyo kumtafuta hakuhitaji fedha nyingi wala safari ndefu. Kunahitaji maandalizi, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo hukamilishwa jua likiwa bado halijazama.

Naanza na majirani, kwa sababu jambo hili nimeona likipuuzwa na watu makini kabisa. Mtu anayeinama kwenye majani saa tatu usiku, tochi ikiwa usoni, akisimama kila hatua kumi na kuchungulia ardhini, huonekana ama mwizi ama mchawi, na ukelele wa mwizi ukishapigwa hakuna anayengoja maelezo. Nenda mchana kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, au kwa mzee wa mtaa ikiwa uko Kenya, umweleze siku, saa, eneo na idadi yenu. Kama kuna sungusungu wanaolinda usiku, wakuone sura kabla ya kukuona gizani. Mwenye shamba au uwanja aombwe ruhusa yeye mwenyewe, hata kama ni mtu mnayesalimiana kila asubuhi. Hifadhi za taifa ziache kabisa, kwani hazitembelewi kwa miguu usiku kwa hiari ya mtu, na anayekusanya viumbe kwa ajili ya utafiti hupitia taratibu za vibali za taasisi kama COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) nchini Tanzania, au NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) na KWS (shirika la wanyamapori) nchini Kenya. Anayejifunza atapata buibui wa kumtosha nyuma ya nyumba.

Kifaa kinachoamua kama usiku utakuwa na mafanikio ni tochi, na zaidi ya nguvu yake ni mahali unapoiweka. Buibui mbwamwitu ana macho manane yaliyopangwa kwa safu tatu: manne madogo chini, mawili makubwa juu yake yakitazama mbele, na mawili mengine ya wastani nyuma zaidi, juu ya kichwa. Ndani ya macho hayo makubwa kuna tabaka linaloakisi mwanga, kama lile la macho ya paka, na mwanga unaolipiga hurudi moja kwa moja kule ulikotoka. Ukiishika tochi kiunoni, mng'ao hurudi kiunoni, nawe unaweza kupita katikati ya buibui ishirini ukaapa kwamba uwanja ni mtupu. Ipandishe hadi usawa wa jicho, ama kwa kuvaa tochi ya kichwani ama kwa kuibana tochi ya kawaida pembeni mwa paji la uso, na uwanja uleule utakuonyesha vijinukta vya kijani kibichi, vingine vikiwa umbali wa hatua kumi na zaidi. Mimi humshauri kila anayeanza ajaribu namna zote mbili akiwa amesimama mahali pamoja, kwa kuwa akishaona tofauti hiyo kwa macho yake hatasahau tena. Tochi ya kawaida yenye mwanga mweupe inatosha, mradi betri ziwe zimejaa na uwe na tochi ya akiba mfukoni; simu isitegemewe kuwa tochi, kwa kuwa ndiyo utakayoitumia kuomba msaada.

Si kila kinachometa ni buibui, na inafaa kulijua hili kabla ya kuanza kufukuza umande. Tone la umande hubadilika rangi na kuzimika ukisogeza kichwa kidogo tu, ilhali jicho la buibui hubaki na rangi yake mpaka atakapogeuka au kukimbia. Macho ya nondo huelekea wekundu au rangi ya chungwa. Jicho moja kubwa lililo chini kabisa barabarani huenda ni la kirukanjia aliyetulia, na mawili mekundu mtini ni ya komba.

Eneo lenyewe litembelee mchana. Tafuta mashimo, vigae, waya, visima visivyofunikwa na vichuguu, kisha uamue njia utakayopita kwenda na kurudi, ukipendelea majani mafupi yasiyofika kifundo cha mguu. Huko buibui huonekana vizuri, na nyoka naye huonekana. Kando ya mto au ziwa lenye viboko usiende usiku, kwani viboko hutoka majini wakati huohuo kwenda kula majani. Mavazi yawe suruali ndefu ya kitambaa kizito, shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu waenezao malaria, na mabuti ya mpira yanayofunika shavu la mguu. Suruali ichomekwe ndani ya soksi. Aliyewahi kusimama juu ya msafara wa siafu gizani, macho yakiwa kwenye vijinukta vya kijani huku miguu ikisahauliwa, hahitaji kuelezwa sababu.

Hatari kubwa ya usiku huo ni nyoka, wala si buibui. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ana rangi ya majani makavu na tabia ya kutulia badala ya kukimbia, kwa hiyo humwuma anayemkanyaga. Swila atemaye mate hulenga macho, na hata miwani ya kawaida hupunguza madhara. Tangulia na fimbo, usitie mkono kwenye shimo au chini ya gogo, na angaza pale mguu unapokwenda kutua kabla ya kuangaza mbali. Uliza mapema, kwa simu au kwa kufika, ni hospitali gani ya karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka, kwa kuwa si kila zahanati inayo, na mpange ni gari au pikipiki ya nani itakayowafikisha huko. Aliyeumwa hutulizwa, huvuliwa pete na bangili, kiungo chake hufungiwa ubao kisitikisike, naye hupelekwa haraka. Hachanjwi, hanyonywi jeraha, wala hafungwi kamba ya kukaza. Mate ya swila yakiingia machoni, macho yaoshwe kwa maji safi mengi, ndiyo maana chupa ya maji ni sehemu ya vifaa.

Buibui mbwamwitu naye anaweza kuuma akibanwa, na maumivu yake kwa kawaida ni ya muda, lakini hakuna haja ya kumshika. Chukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani na kipande cha kadi ngumu: mfunike taratibu, pitisha kadi chini yake, mtazame, mpige picha kwa mbele ili safu za macho zionekane, na umrudishe palepale ulipomtoa. Viganja vyenye mafuta ya kufukuzia mbu vioshwe kwanza. Andika saa, hali ya mbalamwezi, mvua iliyonyesha na aina ya ardhi. Usijisumbue sana kumpa jina la spishi, kwa maana mara nyingi hata mtaalamu hulazimika kuangalia viungo vya uzazi kwa hadubini.

Kuhusu wakati, chagua usiku usio na mbalamwezi, ikiwezekana siku chache baada ya mvua, wakati wadudu ni wengi, na uanze kati ya saa mbili na saa nne. Mkiwa wawili inatosha. Mkizidi wanne, vishindo hutangulia.

Linabaki jambo moja ambalo ni vema ulijue kabla, kwa sababu litakapotokea hutapata nafasi ya kufikiri. Usiku mmoja nilifuata nukta iliyong'aa kuliko nyingine, nikapiga magoti hadi nikawa umbali wa shubiri mbili, na hapo nikaona kwamba mgongo mzima ulikuwa unameta kama vumbi la chumvi. Alikuwa mama. Jike hubeba kifuko cha mayai, cha mviringo kama punje ya mtama, akiwa amekibandika nyuma kwenye viungo vya kutolea uzi. Watoto wakianguliwa hupanda mgongoni na kukaa huko siku kadhaa, na kila mmoja ana macho yake ya kurudisha mwanga. Ukimfunika kwa kopo, watoto hutawanyika majanini, na wengine huenda wasimpate tena. Kwa hiyo kopo na likae mfukoni. Mpige picha moja au mbili, usimpulizie pumzi, usimguse kwa jani, kisha inamisha tochi ili mwanga umtoke machoni, nawe urudi nyuma kwa kukanyaga nyayo zako ulizojia.