Kabla sikio moja halijabaki tupu: jiandae siku ileile unaponunua vipokea sauti visivyo na waya

Nilikuwa nashuka kwenye pikipiki pale Katindo, Goma. Nikavua kitambaa nilichojifunga kichwani kwa ajili ya vumbi, nikamlipa motari, ndipo nikasikia wimbo umebaki sikio moja tu. Kipokea sauti changu kilikuwa cheusi, na chini kulikuwa na mawe ya volkeno, nayo meusi, yenye vitundu kama sifongo, kila kitundu kikitosha kumeza punje ya haragwe. Nilipiga magoti na tochi ya simu karibu nusu saa bila kuona kitu. Kosa sikulifanya jioni ile. Nililifanya siku niliyonunua, nilipovichomeka masikioni nikatoka dukani bila kuandaa lolote.

Kwanza ujue unachokitafuta. Vifaa hivi havina laini wala intaneti yake. Vinaongea na simu yako kwa Bluetooth, kwa kawaida umbali wa kama mita 10, na ukuta wa mawe hupunguza hata hizo. Kwa hiyo ile nukta ambayo programu ya kutafutia huonyesha kwenye ramani mara nyingi haikuambii kilipo sasa. Inakuambia simu yako ilikisikia wapi mara ya mwisho. Baadhi ya AirPods, yaani vipokea sauti vya Apple, kama zile za Pro, huweza pia kutambuliwa na iPhone za watu wanaopita karibu, lakini hilo linategemea nani anapita na simu gani.

Nukta hiyo haitakuwepo kama hukuiandaa mapema, na hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Mwenye iPhone awashe Find My, programu ya Apple ya kutafutia vifaa, pamoja na mtandao wake. Galaxy Buds hutafutwa kwa programu za Samsung zenyewe. Simu nyingine za Android zina Find Hub ya Google, iliyokuwa ikiitwa Find My Device, ila si kila kipokea sauti kinaingia humo. Muulize muuzaji kabla ya kutoa dola zako, tena mwambie akuonyeshe kwenye simu. Najua tunazima huduma ya mahali (location) na data ili kuokoa betri na mega. Hata hivyo, washa huduma hiyo ya mahali kila unapotembea navyo.

Kisha fanya jaribio nyumbani. Ficha kimoja chini ya godoro, kiamuru kilie, usikilize. AirPods huanza kulia polepole, sauti ikapanda kwa muda wa dakika mbili. Usikiamuru kilie kikiwa sikioni, utaumia. Utagundua pia kwamba vingi havilii vikiwa ndani ya kasha lililofungwa. Na betri ni ndogo: vingi hucheza saa 4 hadi 6 tu, kisha hunyamaza kabisa. Ndiyo maana kutafuta huanza palepale, si kesho yake.

Vile vya bei nafuu vya sokoni mara nyingi havina programu ya kutafutia. Usikate tamaa. Weka kwenye simu programu inayopima nguvu ya mawimbi ya Bluetooth. Huonyesha namba zenye alama ya kutoa: ukiona -90 uko mbali, ukiona -50 anza kuangalia miguuni pako. Tembea hatua mbili, simama, soma, endelea. Usiku kukiwa kimya, cheza wimbo wenye sauti kali na utege sikio.

Kwa mji wetu, mimi nashauri rangi nyeupe au ya kung'aa. Vumbi litaichafua, lakini utaiona kwenye mawe. Vile vimpira vya masikio mara nyingi huja kwa saizi tatu. Vijaribu vyote, na uvue vipokea sauti kabla ya kuvua kitambaa au kofia. Hifadhi namba ya motari unayemzoea. Andika namba yako ya simu ndani ya kasha kwa wino usiofutika.

Piga picha ya namba ya utambulisho ya kifaa na boksi. Apple huuza upande mmoja au kasha peke yake, na ndugu atakayekununulia akiwa safarini lazima ajue ni toleo lipi hasa.

Kikishapotea, usikiondoe haraka kwenye akaunti yako kwa hasira. Ukikiondoa, nukta ya mwisho nayo inaondoka, na aliyeokota AirPods zako atapata urahisi wa kuzifanya zake. Ziache humo. Piga picha ya ramani kwenye skrini, na kama hukukipata palepale, rudi asubuhi mapema kabla pikipiki hazijaanza kupita, na uanzie mahali uliposhukia.