Somo la majani yanayopukutika: kazi za mikono nje ya darasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 8

Kamusi nyingi huyaita majira haya "vuli". Lakini mtoto wa hapa Minneapolis, Marekani, akimpigia bibi yake wa Tanga na kumwambia vuli imefika, bibi anawaza mvua za Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo katika darasa langu la Kiswahili la Jumamosi tunasema "msimu wa majani kupukutika". Watoto wanalipenda sana neno pukutika. Wanalitamka huku wakiangusha majani.

Hapa Minnesota rangi hukolea kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Usisubiri, kwani upepo wa siku mbili tu unaweza kuvua mti wote.

Vifaa: mfuko wa karatasi kwa kila mtoto, karatasi nyembamba za printa, krayoni zilizomenywa karatasi, magazeti ya zamani, vitabu vizito, beseni la maji na gundi.

Hatua ya 1: Kuokota

Nendeni ua wa nyuma au mtaa wenye miti mingi. Kwenye hifadhi uliza kwanza, kwa sababu nyingi haziruhusu kuondoka na chochote. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, na mkirudi kagua kupe. Oktoba bado wapo.

Hapa naomba mzazi asome mara mbili. Kuna mmea uitwao poizoni aivi, na msimu huu hugeuka mwekundu wa kupendeza, yaani ndio utakaovuta mkono wa mtoto kwanza. Majani yake hukaa matatumatatu, la katikati likiwa na kikonyo kirefu kuliko mawili ya pembeni. Mafuta yake huwasha na kutoa malengelenge, hata jani likiwa limekauka. Mtoto akiligusa, mwoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi. Kanuni ya darasa langu: tunaokota yaliyoanguka chini ya mti tunaoujua, hatuchumi kwenye mitambaazi.

Hatua ya 2: Kutaja, umoja na wingi

Hii ndiyo sababu ya kutoka nje. Karibu kila kitu kilicho ardhini kimo katika ngeli moja: jani, majani, tawi, matawi, gome, magome, jiwe, mawe, ganda, maganda. Kaeni duara. Mtoto anatoa kitu kimoja mfukoni na kusema "jani jekundu", mwenzake anaongeza la pili na wote wanasema "majani mekundu". Kisha "tawi refu, matawi marefu", "jiwe zito, mawe mazito". Ubaoni nilihangaika na ngeli hii wiki nyingi. Chini ya mti, jiwe likiwa kiganjani, mtoto anasikia mwenyewe kwamba "jiwe nzito" halikai sawa.

Hatua ya 3: Chapa ya jani

Laza jani, upande wenye mishipa uangalie juu. Funika kwa karatasi, laza krayoni kwa ubavu, sugua polepole. Tumia jani bichi kidogo, lililokauka hupasuka. Mtoto aandike jina la mti na tarehe.

Hatua ya 4: Kuelea au kuzama

Tumbukizeni kokwa za mwaloni kwenye beseni. Zinazoelea mara nyingi zimeliwa ndani na funza. Watoto wabashiri kwanza, ndipo mzipasue chache kuhakikisha.

Hatua ya 5: Kukausha

Panga majani kati ya magazeti, weka vitabu juu, subiri wiki moja hadi mbili. Badilisha magazeti siku ya pili ili yasiote ukungu. Baadaye bandikeni wanyama: jani la mwaloni huwa manyoya ya simba.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mwanangu anauliza kwa nini majani yanabadilika rangi. Ana miaka sita, nimwambieje?*

Mwambie jani ni jiko la mti, na klorofili, ile rangi ya kijani, ndiye mpishi. Siku zikifupika na baridi ikija, mti unafunga jiko na mpishi anaondoka. Manjano ilikuwemo siku zote, ila ilifunikwa. Nyekundu ya mepo, mti uitwao "maple" kwa Kiingereza, hutengenezwa msimu huuhuu, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani.

*Dada, mimi niko Dar es Salaam. Sisi hatuna msimu huo, somo hili linatufaa?*

Linafaa kabisa, dada yangu. Tafuta mkungu. Majani yake huwa mekundu na ya manjano kabla ya kuanguka, na mishipa yake minene hutoa chapa nzuri kuliko mepo. Kwa kuwa ni mazito, yape wiki mbili chini ya vitabu. Makungu yenyewe wapasue, wale kiini.

*Wangu wananijibu Kiingereza muda wote, hata huko nje. Niwakataze?*

Usiwakataze, mama. Akikuletea jani na kulitaja kwa Kiingereza, lipokee na useme, "Ahaa, jani jekundu! Niletee lingine tupate majani mekundu." Atakimbia kulitafuta. Akirudi, usilipokee mpaka alitaje.