Kufungua ukuta kati ya jiko na sebule

Kabla ya kushika nyundo, chora kwa chaki sakafuni meza, kabati na njia ya kupita, mkae na michoro hiyo wiki nzima. Njia ikiwa chini ya sentimita 90, mmoja akifungua oveni mwingine hapiti.

Kisha panda darini. Ukiona mbao za paa au zege limelala juu ya ukuta huo, basi ukuta unabeba mzigo. Mwite mhandisi akupimie linta, yaani boriti ya kubeba mzigo juu ya uwazi. Kuugonga ukuta ili kusikiliza mlio hakusemi lolote kuhusu mzigo, hata fundi aape vipi. Linta iingie ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Ikiegemea kidogo, matofali ya chini yake husagika, na nyufa za mshazari hupanda kutoka kona ya uwazi.

Zima umeme kwenye swichi kuu, funga maji, simamisha nguzo za muda pande zote mbili. Linta ikishakaa na kukomaa, toa matofali yaliyo chini yake kuanzia juu.

Ukuta ulipokuwa, sakafuni patabaki pengo pana lisilo na vigae. Tafuta vya kuzibia mapema. Vya toleo jingine huwa havifanani rangi.