Kabla ya Kumwita Mkalimani wa Kisomali kwenye Kikao cha Ushauri Nasaha

Mtaalamu wa saikolojia wa Nairobi au Garissa anayefanya kazi kwa Kiingereza, huku mteja wake akijieleza kwa Kisomali tu, aanze kwa kujiuliza anamhitaji nani: mfasiri wa kumwandikia madodoso na fomu za ridhaa, au mkalimani wa kukaa naye chumbani. Wapo wanaozimudu kazi zote mbili, ila umahiri katika moja si ushahidi wa nyingine.

Kisha aulize ni Kisomali kipi. Kimaxaa ndicho kilichowekewa maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, lakini wengi wa waliotoka kati ya mito ya Juba na Shabelle huzungumza Kimaay, na asiyekizoea hukisikia nusunusu. Miongoni mwa Wabantu wa bonde la Juba wapo wenye Kimushunguli, ndugu wa Kizigua cha Tanzania. Kwa hiyo kujua kwamba mteja anatoka Somalia hakutoshi.

Linalonigusa zaidi ni msamiati, kwa kuwa hapo ndipo mgonjwa hupotea. Mkalimani akiulizwa iwapo katika familia kuna maradhi ya akili, naye akatumia neno «waali», ambalo ni wazimu wa kuokota makopo, mteja atakana na mlango utafungwa. Neno «buufis», lililoenea katika kambi za wakimbizi za Dadaab, linatokana na kupuliza hewa. Humtaja mtu aliyetekwa na hamu ya kuhamishiwa nchi za mbali, na vilevile huzuni na mahangaiko yanayompata hamu hiyo inapokwama. Anayelifasiri kuwa sonona, akaishia hapo, ametupa nusu ya habari. Mpe mkalimani maneno kama haya siku chache kabla, umsikilize anavyoyaeleza. Asiyesita hata kwa moja nina shaka naye.

Pitieni pamoja maswali yenyewe. Katika PHQ-9, dodoso la kupima sonona lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mkalimani Mwislamu mwenye huruma huweza kuona haya kulitamka, akauliza tu, «Mungu apishe mbali, huna mawazo mabaya, sivyo?» Mteja akaeleza kwa dakika nzima, nawe ukaletewa neno moja: «Hapana.» Kubalianeni mapema kwamba swali litaulizwa lilivyo na jibu litarudi lilivyo, kwa nafsi ya kwanza, pamoja na kigugumizi chake.

Mtoto wa mteja asitumiwe kamwe kwa kazi hii, na jirani vivyo hivyo. Mwanamke aliyebakwa aulizwe kama anataka mkalimani wa kike. Suala la ukoo ni zito baada ya vita vilivyoisambaratisha nchi mwaka 1991. Usimhoji mteja ukoo wake, bali mpe jina la mkalimani kabla ya siku ya kikao, pamoja na nafasi ya kumkataa bila kutoa sababu. Ahadi ya kutunza siri iandikwe na kutiwa sahihi, kwa sababu Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, watu hujuana.

Tenga muda karibu mara mbili ya kawaida, na nauli ya mkalimani uilipe mwenyewe. Mteja akishaondoka, baki naye kwa robo saa. Huenda naye aliikimbia vita ileile, na saa nzima amekuwa akisema «niliona wakimuua» kwa kinywa chake mwenyewe.